Nilivaa uso wa Mwinjilisti marehemu, mjane wake akadhani mume wake amerudi

Wakuu, habari za mchana.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo nimeamua kuandika kwa sababu hili jambo nimelibeba karibu mwaka mzima na mke wangu amechoka kulisikia. Nitakayoyasema yamenitokea mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana familia ya watu ipo na inaishi.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aje baadaye.

Mimi ni mtu wa Kirua Vunjo, naishi Moshi mjini. Kazi yangu ni u-MC wa harusi na send-off, na kuigiza pale kazi inapopatikana. Maigizo niliyaanzia kanisani, zile za Krismasi. Nimeshakuwa Herode mara nne.

Sasa huku kwetu mlimani alikuwepo mhubiri mmoja wa redio, tumwite Mwinjilisti Anaeli. Waliokulia Vunjo watakuwa wameshamjua, naomba msimtaje. Kila asubuhi kabla watu hawajaenda shamba, sauti yake ilikuwa jikoni kwa kila mtu. Mama yangu alikuwa anakamua ng'ombe huku redio imetundikwa kwenye msumari. Mimi nilikuwa namuigiza Mwinjilisti mpaka mama anacheka anamwaga maziwa. Ile sauti nzito, ya polepole, anavuta neno la mwisho kama mtu anayeshusha mzigo.

Mzee yule mwisho wake ulikuwa mgumu. Alipata kiharusi. Upande wa kushoto wa uso ukaanguka, na sauti ikaondoka kabisa. Mtu aliyeishi kwa kusema alikaa miaka miwili hawezi kutamka hata jina la mke wake. Akafa hivyo hivyo.

Mwaka jana ikaja kampuni ndogo ya filamu kutoka Dar kutengeneza filamu ya maisha yake. Director, tumwite Kelvin, alinisikia kwenye harusi moja pale mjini nikimuigiza Mwinjilisti kuchangamsha wazee. Akanifuata mezani akaniambia, "Kaka, usiigize tena bure."

Hivyo ndivyo nilivyopata lead role. Maisha yangu yote nilikuwa naisubiri.

Tatizo lilikuwa moja. Mimi nina miaka thelathini na nane, uso mviringo, mashavu kama ya mtoto aliyeshiba. Mwinjilisti siku za mwisho alikuwa mzee mkavu na mdomo ulioanguka.

Hapo ndipo alipoingia dada mmoja anaitwa Salome, mtu wa makeup. Wakuu, mimi nilidhani makeup ni poda na wanja. Huyu dada alinimwagia uji wa plasta usoni, akaniachia matundu ya pua tu, nikakaa hivyo nikiomba Mungu. Kutokana na lile umbo akatengeneza vipande vya silikoni: paji la uso, mashavu, shingo. Laini kama ngozi ya mtu kabisa.

Kila siku ya shooting nilikaa kwenye kiti chake masaa manne. Anabandika kwa gundi, anafuta mipaka, anachora madoa ya uzee kwa sponji, anapandikiza nywele nyeupe za nyusi moja moja. Jicho la kushoto ananiwekea lenzi yenye ukungu. Kona ya mdomo anaivuta chini kwa kipande maalum. Nikishavaa siwezi kutafuna, nakunywa mtori, ile supu yetu ya ndizi, kwa mrija mpaka jioni.

Siku ya kwanza nilipojiangalia kwenye kioo sikujiona. Nilimwona yeye. Nikainua mkono, naye akainua. Nikaogopa, nikacheka ili Salome asijue.

Tukaanza kazi. Tulipiga scene za redio mjini, za mikutano Marangu, na za ugonjwa zikapangwa kufanyika nyumbani kwake kabisa, Mwika.

Pale nyumbani alikuwepo mjane wake, bibi wa miaka themanini na kitu, pamoja na binti yake, dada Upendo, mwalimu mstaafu aliyerudi kumuuguza mama. Bibi alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Kuna siku anakujua, kuna siku anakuuliza kama umetumwa na watu wa ushirika kuchukua kahawa.

Dada Upendo alitoa ruhusa ya nyumba kwa sharti moja. Alilisema mbele yetu wote, amesimama mlangoni na kanga kiunoni: "Mama asimwone huyu kaka akiwa amevaa ule uso. Siku hiyo nitampeleka kwa shangazi. Mkimaliza mnaniita."

Kelvin akasema hakuna shida. Mimi pia nilikubali kwa kichwa.

Siku yenyewe kulikuwa na ule ukungu wa Mwika, mnaoujua mnajua. Migomba inadondosha maji kutwa nzima wakati mvua hakuna. Nimekaa barazani kwenye kiti cha Mwinjilisti chenyewe, blanketi magotini, nasubiri vijana wa taa wamalize. Kamera imeshawekwa mbele yangu.

Nikasikia hatua kwenye majani makavu.

Bibi alikuwa amemtoroka shangazi. Amekuja peke yake kwa njia ya mgombani, na fimbo yake, kanga imelowa mpaka magotini. Akatokea pembeni ya nyumba, akaniona.

Watu kama kumi na tano pale na hakuna aliyejua afanye nini.

Bibi akaweka fimbo chini polepole. Akanisogelea, akanivuta blanketi vizuri magotini kama mtu anayefanya kitu cha kila siku. Halafu akasema:

"Umerudi."

Mimi nikanyamaza. Kwanza sikujua niseme nini. Pili, Mwinjilisti hakuwa anaweza kusema.

Akakaa kwenye kigoda karibu na miguu yangu. Akaniambia, namnukuu jinsi ninavyokumbuka, na nakumbuka vizuri mno:

"Ile redio sikukuambia kweli. Betri hazikuwa zimeisha. Nilizificha mimi, kwenye debe la maharage."

Nisimame hapa niwaeleze. Baada ya mzee kupata kiharusi, redio iliendelea kurusha mahubiri yake ya zamani kila asubuhi. Yeye kitandani anasikia sauti yake mwenyewe, anatokwa na machozi, ananyoosha mkono kuelekea redio. Mke wake hakujua kama anaitaka au inamuumiza. Mwisho akashindwa kuvumilia. Akatoa betri, akamwambia zimeisha, duka halina. Alisema hivyo kila siku, wiki tatu. Mzee akafa nyumba ikiwa kimya.

Hayo yote alinieleza pale, akiwa ameshika kidole changu kimoja. Akasema, "Nilichoka kukuona unalia. Sasa kila asubuhi nasikia ule ukimya. Ulinichukia?"

Wakuu, hapa ndipo penye dhambi yangu.

Niliinua macho kumtafuta mtu anisaidie. Nikamwona Kelvin nyuma ya kamera, hajainuka. Na pale kwenye kamera ile taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka.

Niliiona. Nikajua tunarekodiwa.

Ningeweza kusimama. Ningeweza kumwita Salome amchukue bibi ndani. Badala yake nikavuta pumzi, nikatoa ile sauti, ile niliyoijua tangu jikoni kwa mama, nikasema:

"Mama Upendo. Nimekusamehe."

Bibi alicheka. Siyo kicheko cha kizee. Alicheka kama msichana aliyeambiwa kitu kizuri kisimani. Akaweka paji lake kwenye goti langu, mabega yanatetemeka.

Nikajiambia nimefanya wema. Lakini niseme ukweli wote: sehemu nyingine ya akili yangu ilikuwa inasema, hii ndiyo acting bora niliyowahi kufanya, na kamera imeipata.

Dada Upendo akafika anakimbia, shangazi alikuwa amempigia. Akamkuta mama yake katulia. Akamwongoza ndani taratibu, bibi akimsimulia alichosamehewa. Aliporudi nje macho yalikuwa mekundu, akanishika mkono akasema, "Asante kaka. Ametaka kulisema hilo siku nyingi." Hakujua kuhusu kamera. Hakuna aliyemwambia. Mimi sikumwambia.

Kelvin alinikumbatia nyuma ya gari. "Hii ndiyo filamu yetu," akasema. "Hata tusipopiga kitu kingine."

(Samahanini, nilipata mgeni. Naendelea.)

Wiki moja baadaye dada Upendo akanipigia simu. Sauti imechoka.

Bibi alikuwa anamsubiri mume wake. Kila siku anaoga, anavaa gauni la kanisani, anakaa barazani. Anapika kiburu, zile ndizi za maharage, anatenga sahani mbili, halafu hagusi. Akiambiwa ale anajibu, "Nile kabla ya mwenye nyumba?"

"Siku ya tatu leo hajaweka kitu mdomoni," dada Upendo akasema. "Kaka, najua nilikataza. Njoo mara moja tu, umwambie unasafiri, aache kusubiri."

Nikaenda kwa Salome. Alikuwa anafungasha, maana shooting ilikuwa imeisha. Akakataa. "Huu uso niliutengeneza kwa ajili ya kamera," akasema. "Mtu anayekaa umbali wa mkono siwezi kumdanganya, na sitaki." Nikambembeleza. Nikamwambia bibi hali. Mwisho akatoa vipande vilivyobaki. Vile vipande huvaliwa mara moja tu, hivi vilikuwa vya akiba na kimoja kilikuwa kimechanika pembeni. Akabandika alivyoweza.

Tukapanda Mwika mchana. Dada Upendo ametuandalia kiti sebuleni, mapazia amefunga nusu.

Bibi akaingia. Akakaa karibu yangu, karibu sana. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga, kwamba naenda safari ndefu ya injili, ale, asinisubiri.

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ananiangalia mdomo.

"Mtoto wetu wa kwanza," akasema. "Yule tuliyemzika kabla ya ubatizo. Tulimwita nani?"

Script haikuwa na huyo mtoto. Nikamwangalia dada Upendo, nikaona naye hajui. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia.

Nikajifanya kiharusi. Nikaachia mdomo, nikatoa sauti ya kukoroma kama nilivyofanya kwenye filamu. Wakuu, sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Bibi akatikisa kichwa. "Anaeli hakuweza kusema," akasema. "Wewe siku ile ulisema."

Akainua mkono akanigusa shavu. Kidole chake kikapita kwenye ule mpaka uliochanika, kikaingia. Akavuta. Shavu lote likatoka taratibu, likabaki mkononi mwake, na nywele zake na madoa yake ya uzee.

Hakupiga kelele. Aliliangalia lile shavu, akaniangalia mimi na nusu ya uso wangu mwenyewe. Akauliza kwa upole kabisa:

"Umemvua wapi?"

Dada Upendo akaanza kulia kwa sauti. Mimi nikatoka nje nikajikuta naongea peke yangu mgombani, nabandua vile vipande kwa kucha bila mafuta, mpaka damu ikatoka shingoni. Alama bado ninayo.

Baada ya siku ile bibi alikula, ndiyo. Lakini kitu kingine kikaanza. Hakuamini tena sura ya mtu. Mchungaji akija kumpa meza ya Bwana, anamvuta shavu kwanza. Jirani akileta maziwa, anamshika kidevu. Na binti yake, aliyekuwa anamuuguza na kumuogesha, kila asubuhi alikuwa anamfinya uso pande zote mbili kuona kama utatoka. Ukikataa kutoka analia, anasema wameushona.

Dada Upendo alinieleza hayo kwa simu, bila kunilaumu. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Alisema tu, "Leo amenikwangua chini ya jicho. Omba naye apumzike."

Miezi michache baadaye bibi alilala mchana baada ya chakula na hakuamka. Nilienda kuzika. Nilisimama nyuma kabisa, nikiogopa mtu asije akanitambua kwa sauti wakati wa nyimbo, kwa hiyo sikuimba.

Nikadhani yameisha.

Kelvin akaniita ofisi moja pale mjini kuangalia filamu kabla haijatoka. Nikakaa na wenzangu. Ikafika mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa ni bibi. Anatokea kwenye ukungu. Anavuta blanketi. Betri, debe la maharage, yote. Halafu mimi nasema nimekusamehe, na kicheko chake, na muziki wa kinanda chini yake.

Watu mle ndani walilia. Mmoja akanipiga bega akasema hiyo tuzo imeshakuja nyumbani.

Na mimi, wakuu, kwa sekunde kadhaa nilifurahi. Naandika hili ili mnione nilivyo.

Usiku wake sikulala. Asubuhi nikapanda Mwika. Njiani nikachuma jani la isale, wale wa nyumbani mnajua. Kwa wageni: ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo; Mchagga akimkosea mtu sana anamwendea nalo, na aliyekosewa si rahisi kukataa kusikiliza.

Nikamkuta dada Upendo anapalilia. Nikamsalimia, nikampa jani kwa mikono miwili.

Hakulipokea. Akauliza, "Umefanya nini?"

Nikamwambia yote. Kamera, filamu, muziki.

"Siku ile ulijua inarekodi?"

"Nilijua, dada. Niliona taa."

Akanyoosha kidole kwenye migomba, jembe bado mkononi, pale yalipo makaburi mawili, moja la zamani na moja ambalo udongo wake ulikuwa haujatulia.

"Hilo jani siyo langu," akasema. "Mwenye nalo amelala pale."

Nikaenda nikaliweka. Niliporudi alikuwa ameshaingia ndani, mlango umefungwa. Nikasubiri. Baada ya muda mrefu akafungua akasema, "Nataka kuiona."

Tukashuka wote mjini. Ofisini kwa Kelvin akaiangalia mara moja, wima, mkoba begani. Kelvin akaanza kueleza kwamba ni heshima kwa familia, kwamba dunia nzima itamjua mama yake. Dada Upendo akamwacha amalize.

"Mama alikuwa anaungama kwa mume wake," akasema. "Nyie mlikuwa mmepanga mstari mnasikiliza. Iondoeni."

Kelvin akasema mikataba ya nyumba imeshasainiwa. Dada Upendo akamjibu kwamba nyumba ndiyo iliyosainiwa, mama hakusainiwa na mtu. Mimi nikasema ikibaki, sitakwenda kwenye uzinduzi na nitaeleza hadharani ilivyopatikana. Salome, tuliyempigia simu Dar, akasema jina lake lifutwe kwenye filamu nzima. Ilichukua wiki kadhaa na mchungaji akaingilia kati, ndipo Kelvin akakubali. Mpaka leo hatusalimiani. Sijapata kazi nyingine ya filamu tangu hapo.

Dada Upendo aliomba apewe nakala yake. Akapewa.

Filamu imetoka bila ile scene. Wengi wanasema mwanzo mzuri, mwisho umepwaya. Wako sahihi. Inaisha mzee amelala kimya na huoni kama kuna mtu alimlilia.

Nilimpigia dada Upendo mara nyingi, hapokei. Mwezi uliopita ndipo aliponitumia ujumbe mmoja tu:

"Nimempa mtu akate sauti yako. Nimebaki na kicheko cha mama."

Nilichojifunza ni hiki, kichukueni kama kitawafaa. Nilimpa bibi alichokuwa anakitaka, na alikitaka kweli, lakini hakikuwa changu kumpa. Msamaha ule ulikuwa wa marehemu. Na hata kama ningekuwa na haki ya kumfariji, nisingefanya huku najua nani mwingine anatazama. Nadhani bila ile taa nyekundu ningenyamaza, nikamshika mkono tu. Sina uhakika. Hapo ndipo ninapokwama kila siku.

Wale mnaouguza wazazi waliopoteza kumbukumbu, naomba mnisaidie kwa uaminifu, hata kama ni kwa kunisema vibaya. Mama wa mtu amekushika kidole, anakuita jina la mume wake, anakuuliza kama ulimchukia.

Wewe ungemjibu nini?